Daftari la Praxeda

Jumamosi, 17 Machi 1956

Mvua ya kwanza ya masika imeshuka leo asubuhi, na mwanafunzi wangu wa kwanza amekuja nayo, gauni limelowa hadi magotini.

Naandika "mwanafunzi wangu" na kichwa kinanivimba. Si wangu hasa. Ni wa mwaka wa pili chuoni Kampala, nami nimekwisha chukua digrii na nimebakizwa nisome zaidi. Profesa wetu wa hisabati ameanzisha utaratibu: likizo hii ndefu, kila mmoja wetu sisi wakubwa amwongoze mdogo mmoja anayekaa karibu na kwao, asome peke yake kitabu kisichofundishwa darasani. Karibu na Tanga alikuwapo mmoja tu, Praxeda, binti wa Mzee Luka, mnyapara wa shamba la mkonge upande wa Kigombe. Ndiye msichana pekee katika darasa lao.

Masharti yameandikwa. Kiongozi hatoi jibu; huuliza tu na kumrudisha mtu akafikirie. Ukurasa ninaoukubali nautia sahihi, nisioukubali naukata kwa wino mwekundu. Ukurasa hauchanwi. Daftari zima lifike Kampala kabla ya tarehe 9 Juni, na kwa daftari hilo Profesa ataamua nani aingie darasa la hisabati tupu, ile isiyo ya matumizi. Wanaotaka ni sita, nafasi ni mbili. Praxeda anaitaka nafasi hiyo kuliko kitu chochote. Ameniambia hivyo kabla hajakaa.

Mama amekubali kukaa nasi ukumbini akisuka ukili wake, maana haiwezekani kijana na binti wa watu wakae wawili na vitabu. Alimwuliza Praxeda, "Hesabu zenu hizo huliwa na nini?" Praxeda akacheka sana. Mimi sikucheka, nilikuwa najitengenezea heshima.

Jumanne, 20 Machi

Mvua. Nimenunua chupa ya wino mwekundu.

Jumamosi, 24 Machi

Kitabu chake kinahusu ile pembetatu ya namba ambayo kila namba ni jumla ya mbili zilizo juu yake: 1, 1, kisha 1, 2, 1, kisha 1, 3, 3, 1, na kuendelea. Ina ajabu moja. Chukua mstari wowote, kila namba uizidishe kwa yenyewe, ujumlishe. Utapata namba ya katikati ya mstari ulio mbali mara mbili kutoka juu. Kwa 1, 2, 1 unapata 1 na 4 na 1, yaani 6. Kwa 1, 3, 3, 1 unapata 20. Kazi ya wiki ilikuwa kuthibitisha kwamba ni hivyo daima.

Nilitegemea kurasa mbili za aljebra. Ameniletea nusu ukurasa wa maneno, na mchoro wa mitaa yetu ya Ngamiani! Akaueleza kwa sauti: ati mtu anatoka pembe moja kwenda pembe ya mkabala, hatua kadhaa mbele na idadi hiyo hiyo kulia, harudi nyuma. Ati kila pembe hufikiwa kutoka pembe mbili tu, kwa hiyo idadi ya njia ni zile namba za pembetatu. Ati nusu ya safari lazima mtu awe kwenye mojawapo ya pembe za katikati, na njia za kufika hapo ni sawa na za kutoka hapo. "Basi," ndivyo alivyomaliza.

Hakuna x wala y. Nilipitisha macho juu chini, nikakata ukurasa mzima kutoka pembe hadi pembe, nikaandika kwa wino mpya: Hii si hisabati, ni matembezi. Nilijiona mjanja kwa maneno hayo.

"Nenda kafikirie tena," nikamwambia.

"Sawa, kaka," akasema, na akalikausha lile neno langu kwa karatasi ya kunyonya wino, taratibu, lisichafuke.

Jumapili, 25 Machi

Nimemsimulia Fanueli, rafiki yangu wa posta, habari ya matembezi. Tumecheka mpaka chai ikapoa.

Jumamosi, 31 Machi

Kesho ni Pasaka yao, kwa hiyo alikuwa na haraka ya kuwahi lori la shamba linalorudi Kigombe. Ameleta ukurasa ule ule, ila sasa pembe zimepewa herufi. Safari hii niliusoma. Nilihesabu mwenyewe kwa mstari wa 1, 3, 3, 1: njia moja ya kufika na moja ya kutoka, mbili, tatu na tatu, sita, tena sita, tena mbili. Kumi na sita. Kitabu kinasema ishirini. Nikaona afadhali, kumbe amekosea kweli. Nimekata.

Jumatano, 4 Aprili

Mvua, na ukuta wa choo cha jirani umelala. Hakuna jingine.

Jumamosi, 7 Aprili

Mara ya tatu. Ukurasa ule ule, umeandikwa kwa mwandiko mzuri zaidi, kana kwamba tatizo langu ni macho. Nilipochukua kalamu akauliza, kwa adabu kabisa:

"Kaka Hatibu, nimekosea mstari gani?"

Sikuwa na mstari wa kumwonyesha. Ile kumi na sita yangu nilianza kuitilia shaka, maana nilipojaribu kwa mstari wa 1, 2, 1 hesabu yangu ilitoa nane, na njia zenyewe nilizichora nikaziona ni sita. Mahali fulani palikuwa na kosa, na sikujua kama ni lake au langu. Jambo la kusema lilikuwa jepesi: sijaelewa, nieleze. Nikaangalia digrii yangu ukutani, mama alivyoitia fremu, nikasema:

"Kazi yangu si kukuonyesha. Masharti unayajua."

Akaitikia kwa kichwa. Mama aliinua macho kwenye ukili, akaniangalia, akarudi kwenye ukili. Nimekata ukurasa wa tatu.

Jioni nimeandika taarifa ya nusu likizo kwa Profesa: Ana bidii, lakini hajaonyesha uwezo wa kuthibitisha. Niliisoma tena, nikaona ina sauti ya mtu mzima.

Jumatatu, 9 Aprili

Nimeipeleka posta. Fanueli ameigonga muhuri mwenyewe.

Alhamisi, 12 Aprili

Ramadhani imeanza. Kiu kali, mvua nyingi.

Jumamosi, 14 Aprili

Praxeda ameleta uthibitisho wa aljebra uliomo kitabuni, neno kwa neno, bila kosa. Nikautia sahihi. Nilimwuliza kwa nini wanazidisha mafungu mawili pale mwanzo, akajibu, "Kitabu kimesema hivyo." Yule msichana wa wiki ya kwanza asingejibu hivyo. Hakucheka na mama. Alikaa na kalamu yake akingoja niseme anachotakiwa kufanya.

Jumamosi, 21 Aprili

Barabara ya Pangani imekatika, lori halikuja. Nilifurahi kutomwona, na hiyo furaha sikuipenda.

Ijumaa, 27 Aprili

Haya ya leo nayaandika kwa sababu nikiyaacha yatanikaa kooni.

Baada ya swala ya alasiri nilikuwa jikoni namkunia mama nazi ya mihogo ya futari. Mama akauliza, bila kuniangalia:

"Wewe Hatibu, yule mtoto wa watu alikukosea nini?"

Nikamwambia hajakosa kitu, ni mambo ya kisomo, yeye hayawezi.

"Nisiyaweze kwani yamesemwa Kizungu? Mara tatu kaeleza mbele yangu. Toka hapa mpaka kwa Kijakazi muuza vitumbua, bila kurudi nyuma, nna njia tatu. Toka kwa Kijakazi mpaka sokoni, tatu tena. Nikenda kwa njia ya kwanza, nikifika kwa Kijakazi nachagua moja katika tatu. Nikenda ya pili, nachagua tena katika tatu. Ya tatu, vivyo hivyo. Zishakuwa tisa. Na pembe ya msikiti vile vile tisa. Na zile pembe mbili za mwisho, moja moja. Ishirini hizo. Sisi wanawake twabadilisha njia kila siku ili tusikamatwe na wenye maneno mengi, hatujui kuzihesabu? Wewe hapo kigumu ni kipi?"

Nazi ilisimama mikononi mwangu. Nilikuwa nikijumlisha. Tatu na tatu, sita. Mtu mwenye digrii, anajumlisha mahali pa kuzidisha, halafu anamkata mwenziwe kwa wino mwekundu. Na ile kuzidisha namba kwa yenyewe, ambayo katika aljebra ya kitabu nilikuwa nikiiona inatokea tu, kumbe ndiyo hii: njia za kuja mara njia za kwenda. Nusu ukurasa, na mtu yeyote aliyewahi kwenda sokoni anauelewa. Ni uthibitisho mzuri kuliko wowote nilioufanya mimi maisha yangu.

"Basi kesho akija mwambie," mama akasema, "maana yule ameanza kuinamisha shingo. Na hiyo nazi imekwisha, wakuna kifuu."

Nimeona haya mbele ya mama, na hizo zinavumilika. Tangu utoto nimezizoea. Ninazoziona nikikumbuka lile swali, nimekosea mstari gani, hizo sijui nizipeleke wapi.

Jumamosi, 28 Aprili

Sikumwambia.

Nilikuwa nimepanga maneno. Mama alikwenda uani kuangalia moto, tukabaki dakika mbili, na Praxeda akaniangalia kwa yale macho ya kungoja. Nikasikia sauti yangu ikisema, "Hebu turudi kwenye ule wa matembezi. Nadhani sasa umekomaa vya kutosha kuujaribu." Akauandika. Ni ule ule. Nikaongeza neno "kwa hiyo" mahali pamoja, nikatia sahihi, nikasema, "Unaona? Sasa umekaa sawa."

Akausoma muda mrefu. Akasema, "Ahsante, kaka. Bado sioni tofauti, lakini nitaiona."

Mama aliporudi akaniuliza kwa macho kama nimesema. Nikaitikia. Nimefunga Ramadhani hii kwa tumbo tu.

Jumamosi, 12 Mei

Idi. Nimevaa kanzu mpya. Kila aliyenipa mkono ameniita msomi.

Jumanne, 15 Mei

Barua ya Profesa. Anasema anaiamini taarifa yangu, kwa kuwa nimekaa na msichana na yeye hajakaa naye. Kama daftari halitaonyesha jambo jingine kabisa, Praxeda atahamishiwa ualimu, na nafasi wapewe wavulana wawili anaowataja. Tena ananisifu kwa kutomwonea mtu haya.

Nimeuzunguka mtaa wetu wa Barabara ya Tisa mara nne kwenye matope. Daftari likienda kama lilivyo, Profesa atafungua ukurasa wa 24 Machi na kuona kwa dakika moja kilichotokea: nani alijua, na nani alikata. Lisipoenda, Praxeda anakosa nafasi. Nilipofika kona ya tatu nikapata ufumbuzi, na niliupenda upesi mno. Anakili daftari jipya, safi, uthibitisho wake uwe na tarehe ya 28 Aprili. Yeye anapata nafasi. Mimi napata jina la kiongozi aliyembadilisha mtu. Hakuna anayeumia.

Jumamosi, 19 Mei

Nimemwambia anakili, aache nje kurasa tatu zilizokatwa, na la zamani alichome. Nilisema ni kwa ajili ya usafi.

Macho yakamlengalenga. "Unanifichia makosa yangu," akasema. "Masharti hayaruhusu, na wewe unanifichia. Mungu akulipe, kaka."

Nilisema, "Si kitu." Maneno hayo mawili. Mama alikuwapo, lakini wakati huo alikuwa akibishana na muuza samaki mlangoni. Sijui kama nilimshukuru Mungu kwa hilo au niliona haya kumtaja.

Jumamosi, 26 Mei

Hakuja. Ametuma salamu kwa dereva wa lori: ananakili, kurasa ni themanini na mbili.

Jumatatu, 28 Mei

Kurasa themanini na mbili.

Jumamosi, 2 Juni

Jua limetoka siku nzima. Praxeda alifika saa nne na madaftari mawili, yamefungwa kwenye kipande cha turubai.

"La zamani sikulichoma," akasema. "Mkono ulikataa. Lichome wewe." Kisha akanipa jipya, amelijalidi kwa karatasi ya buluu. "Fungua mwanzo. Nimeongeza kitu kidogo."

Ukurasa wa kwanza, kwa mwandiko wake bora: Namshukuru kaka Hatibu Idarusi, aliyeukataa uthibitisho wangu mara tatu bila kuchoka, mpaka nikajifunza kufikiri.

Niliusoma mara mbili. Nilitamani mama aitwe na mtu, moto uwake mahali, mvua irudi. Mama alikuwa pale pale na ukili wake, na Praxeda alikuwa akitabasamu kwa mara ya kwanza tangu Machi, anangoja niseme kitu kizuri.

"Praxeda, huu utoe," nikasema. "Ule wa tarehe ishirini na nne Machi ulikuwa sahihi."

"Sehemu gani?"

"Wote."

"Na wa pili?"

"Wa pili na wa tatu ni ule ule. Mimi ndiye sikuelewa. Mara ya kwanza sikuusoma hata kuusoma. Mama ndiye aliyenielewesha, Ramadhani, na tangu siku hiyo nimekudanganya."

Ukili wa mama ulisimama. "Hukumwambia?" akauliza. "Nilikuuliza, ukaitikia. Katika mwezi mtukufu, Hatibu!"

Praxeda hakulia. Ningependelea alie. Alikaa wima, akazungumza taratibu, macho kwenye mkeka.

"Nilimwambia baba sina kichwa cha hesabu. Nilimwambia kwa mdomo wangu mwenyewe, wiki ile niliyokuletea aljebra. Kesho yake akavaa koti akaenda misheni kuniombea kazi ya kufundisha watoto wa darasa la pili. Wiki kumi nimeyapita maneno yale nikitafuta kosa. Kila nikikosa kuliona nasema, basi ubovu uko ndani yangu, maana yeye amesoma, yeye ameliona."

"Nisamehe."

"Hilo sijui. Daftari linatakiwa Kampala wiki hii." Akalifungua la zamani penye wino wangu, akaweka kidole. "Andika hapa. Tia na tarehe ya leo."

Nikaandika, mara tatu, kwenye kurasa tatu: Ukurasa huu ulikuwa sahihi tangu siku ulipoandikwa. Aliyeukata hakuuelewa. Kwenye ule wa 28 Aprili nikaandika kwamba neno nililoongeza halikuwa na kazi. Alisoma kila nilichoandika, akanirudishia mmoja kwa sababu sikuwa nimetia jina kamili.

Kisha akachukua daftari la buluu, akauchana ule ukurasa wa shukrani sawasawa kwenye ukingo, akauweka juu ya mkeka mbele yangu, na daftari akaondoka nalo. Mama alimsindikiza mpaka lori. Waliongea njia nzima, niliwaona kutoka mlangoni, na hakuna aliyegeuka.

Jumatatu, 4 Juni

Nimeliposti la zamani, pamoja na barua ya kuifuta taarifa yangu ya Aprili. Fanueli aliuliza imekuwaje habari ya matembezi. Nikamwambia tulichekea ujinga wangu. Akadhani natania.

Jumatano, 20 Juni

Majibu ya Profesa, ukurasa mmoja. Praxeda ndiye wa kwanza katika wawili. Uthibitisho wa 24 Machi atautumia darasani kwa jina lake. Kuhusu mimi kuna mistari miwili: mwaka ujao sitaongoza mtu, na ameona nilichoandika na tarehe nilizokiandikia. Tarehe amezipigia mstari. Nilijua ni haki yangu.

Jumamosi, 23 Juni

Asubuhi Mzee Luka mwenyewe alishuka kwenye lori mbele ya nyumba yetu, koti limepigwa pasi, na nusu gunia la machungwa ya Muheza begani. Nilikimbia kumpokea.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, mwalimu."

Neno hilo "mwalimu" lilinichoma. Alikaa ukumbini, akamsalimia mama kwa heshima, akanywa maji, kisha akavuta gunia mbele ya miguu yangu.

"Mimi sijui kusoma," akasema. "Mtoto kaniambia kapata, anarudi Kampala. Nikamwuliza, nani kakusaidia nimpelekee shukrani? Akasema, nenda kamwulize Hatibu, atakwambia mwenyewe. Basi nimekuja."

Praxeda hakumwambia kitu. Alimwacha aje na gunia na swali, akaniachia mimi nafasi ya kujibu nitakavyo. Mzee ananingoja, ametabasamu, mikono magotini. Ningeweza kusema tumesaidiana. Angeamini, angeondoka na furaha yake.

Nikamweleza. Njia za sokoni, wino mwekundu, taarifa, daftari la buluu. Nilimweleza polepole kwa sababu alinikatiza mara kwa mara aelewe, na kila aliponikatiza ilinibidi nirudie sehemu mbaya. Alipofahamu ni kwa nini binti yake alimwambia hana kichwa, tabasamu liliondoka.

"Sasa aliyemwelewa mtoto wangu tangu siku ya kwanza ni nani?" akauliza.

"Ni mama."

Mzee Luka akainama, akalishika gunia kwa mikono miwili, akalivuta kwenye sakafu kutoka miguuni pangu mpaka miguuni pa mama.

"Mama Hatibu," akasema, "pokea machungwa yako."

Mama aliyapokea. Alipoondoka mzee, akayagawa nyumba kwa nyumba, Barabara ya Tisa yote, na mimi nikapewa moja, kama jirani yeyote.